Mtoto Anayebaki Nyuma Kwenye Mchakamchaka: Kabla Hujakubali Jina la "Pumu", Uliza Kimepimwa Nini

SEHEMU YA 1: MVIVU NI NANI?

Nesi wenu wa huku Kapalamsenga nimerudi. Mada ya leo ni ndefu, nimeigawa sehemu saba. Soma taratibu, ukichoka pumzika, ila usiache sehemu ya tano na ya saba.

Naanza na msimamo wangu ili usije ukasema nilikuzungusha: kukosa pumzi mtu akikimbia, akipanda mlima au akibeba ndoo, kwa miezi na miezi, SI UGONJWA. Ni dalili. Ugonjwa wenyewe uko nyuma yake na una jina lake. Mpaka jina hilo lijulikane kwa kupimwa, dawa unayopewa ni ya kubahatisha. Na kubahatisha kwa mtoto kunakula miaka yake.

Sasa tazama tunavyofanya. Asubuhi shuleni ni mchakamchaka. Watoto wanaimba, wanazunguka uwanja. Kuna mmoja kila siku anabaki nyuma, kashika kiuno, mdomo wazi. Mwalimu anamwita mvivu. Nyumbani akitumwa maji anapumzika njiani mara tatu, anaitwa mvivu tena. Akianza kukohoa usiku, jina linabadilika: "ana pumu." Bibi naye anasema ni kifua cha ukoo, babu yake alikuwa hivyo hivyo. Jirani anasema ni kilimi, kikatwe. Wa mwisho anasema karogwa.

Mtoto mmoja, majina matano, na hajagusa kipimo hata kimoja!

Kila mtu anahema akikimbia, hilo ni kawaida kabisa. La kutilia shaka ni haya matatu. Kwanza, wenzake wa umri ule ule wanaweza, yeye hawezi. Pili, mwaka jana alikuwa anaweza na mwaka huu hawezi. Tatu, akisimama kupumzika, wenzake wanatulia baada ya dakika chache, yeye bado mbavu zinapanda na kushuka. Ukiona hata moja kati ya hayo kwa wiki kadhaa mfululizo, acha kumwita mvivu. Mtoto mvivu hukataa kucheza pia. Huyu anataka mpira, ila pumzi inamkatalia.

SEHEMU YA 2: SAFARI YA HEWA INA VITUO VINNE

Ili ujue kwa nini nasema pumu siyo jibu la kila kifua, lazima ujue hewa inavyosafiri. Nitaeleza kama tunavyoongea kliniki.

Ukivuta pumzi, hewa inapita kwenye njia za hewa, yaani koromeo na mirija ya kifuani. Hicho ni kituo cha kwanza. Inafika kwenye vifuko vidogo vya mapafu, hapo ndipo inakabidhiwa kwa damu. Kituo cha pili. Damu inaibeba kwa chembe zake nyekundu. Kituo cha tatu. Halafu moyo unaisukuma damu hiyo mpaka kwenye miguu, mikono na ubongo. Kituo cha nne.

Mtu akiwa amekaa, mwili unataka hewa kidogo, hata kituo kibovu kinajitahidi. Akianza kukimbia, misuli inadai hewa mara nyingi zaidi ya pale. Ndipo kituo kibovu kinaumbuka. Ndiyo maana ugonjwa unaweza kujificha miaka, mtoto akikaa darasani yuko sawa, akiingia uwanjani anaonekana.

Na hapa ndipo penye mtego: vituo vinne tofauti, lakini mgonjwa analalamika neno moja tu. "Nesi, pumzi inakata." Mirija ikibana, pumzi inakata. Mapafu yakiwa na makovu, pumzi inakata. Damu ikipungua, pumzi inakata. Moyo ukichoka, pumzi inakata. Anayesikia malalamiko peke yake bila kupima hawezi kujua ni kituo gani. Awe nesi, awe daktari, awe mganga, awe mimi.

SEHEMU YA 3: PUMU IPO, LAKINI INA TABIA ZAKE

Msinielewe vibaya. Pumu ipo, ni ya kweli, na inaua isipotibiwa. Lakini pumu ina tabia zake, na mama anayekaa na mtoto ndiye anayezijua kuliko sisi tunaomwona dakika kumi.

Pumu inakuja na kuondoka. Leo mzima, kesho kabanwa. Inapenda usiku na alfajiri. Inaamshwa na baridi, vumbi, moshi, mafua, na kukimbia. Mtoto wa pumu akikimbia, mara nyingi kifua kinabana zaidi baada ya kusimama, dakika chache baadaye, na unasikia kifua kinapiga filimbi akitoa pumzi nje. Na jambo kubwa: akivuta dawa ya kufungua mirija, ile pampu ya salbutamol, anapata nafuu inayoonekana ndani ya dakika kumi na tano hivi.

Kwa hiyo mama, kama mtoto ametumia pampu vizuri, tena kwa muda, na hajawahi kupata nafuu hata siku moja, hiyo peke yake ni habari. Irudishe kituoni kwa sauti: "Dawa haijamsaidia, naomba aangaliwe upya." Usiibebe kimya.

Nimesema "ametumia vizuri" kwa makusudi. Wengi wanapuliza dawa mdomoni halafu inaishia kwenye ulimi. Mtoto mdogo anahitaji chombo cha kupitishia. Kama hakuna cha kununua, chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa: inatobolewa kitako, tundu litoshee mdomo wa pampu bila kuvuja, mtoto anavutia kwenye mdomo wa chupa. Hili halikutungwa kijijini kwetu. Daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walilipima kwa watoto wenye pumu na kuchapisha matokeo mwaka 1999, wakaona chupa iliyotengenezwa vizuri inafanya kazi kama chombo cha dukani. Mwombe mhudumu akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

Kingine, pumu inayomrudia mtoto mara kwa mara haitibiwi kwa pampu ya kufungua tu, wala kwa sirapu ya salbutamol miezi sita mfululizo inayomfanya atetemeke mikono. Inahitaji dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe wa ndani ya mirija, kila siku au kama daktari atakavyopanga. Uliza kuhusu hiyo.

Kuna kifaa kidogo cha plastiki, mtoto anapuliza kwa nguvu, mshale unapanda kuonyesha kasi ya pumzi. Ni cha bei ndogo ukilinganisha na mashine nyingine. Anapimwa kabla ya dawa na baada ya dawa. Mshale ukipanda vizuri baada ya dawa, pumu inajidhihirisha. Usipopanda, tuanze kufikiria kituo kingine. Kwa maoni yangu kila kituo cha afya kinachogawa pampu kinapaswa kuwa na kifaa hiki. Tunagawa dawa ya pumu bila kipimo cha pumu, hivi huo ni utaratibu gani?

Na kilimi, jamani. Kilimi ni kinyama cha kawaida kilichoumbwa pale kooni. Hakileti kikohozi cha miezi wala kukosa pumzi. Kukikata kwa wembe kunaleta kutokwa damu, usaha na pepopunda. Mtoto aliyekuwa na tatizo moja anapata mawili, na ugonjwa wenyewe unaendelea kukaa pale pale.

SEHEMU YA 4: DAMU CHACHE

Kama ungeniambia nichague kipimo kimoja tu cha kumfanyia kila mtoto na kila mama anayekosa pumzi, ningechagua wingi wa damu. Tone moja la kidoleni, majibu hapo hapo.

Huku kwetu damu inaibiwa na wezi wengi. Malaria inavunja chembe nyekundu. Minyoo ya safura inanyonya damu tumboni kidogo kidogo. Kichocho kiko kwenye maji ya Ziwa Tanganyika na mito yake, na watoto wetu wanaoga humo, na akina mama tunafulia humo. Chakula nacho: ugali na mchicha uliochemka hadi kuiva mara mbili, nyama kwa sikukuu. Kwa akina mama ongeza hedhi nzito, mimba zilizofuatana, na damu iliyopotea wakati wa kujifungua. Nchi nzima, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Hilo si tatizo la wachache.

Damu ikipungua polepole mwili unazoea, ndiyo maana mtu anatembea nayo miezi. Anachoona ni moyo kwenda mbio akipanda kilima, kizunguzungu akiinuka, kuchoka, wengine kutamani kula udongo au barafu. Mwanafunzi wa miaka 5 mpaka 11 akiwa chini ya 11.5, damu yake ni pungufu. Mama mjamzito, kwa kawaida tunahesabu chini ya 11. Ukipimwa, omba uambiwe NAMBA na iandikwe kwenye daftari lako. "Damu iko sawa" siyo jibu. Namba ndiyo jibu.

Halafu kuna selimundu. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi wa selimundu duniani, inakadiriwa kama 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Mtoto anayeishiwa damu mara kwa mara, anayeumwa mifupa, aliyevimba vidole vya mikono na miguu akiwa mdogo, mwenye macho ya njano: asipewe tu vidonge vya damu na kurudishwa nyumbani. Apimwe selimundu. Kipimo kipo, na dawa ya haidroksiyurea imebadilisha maisha ya wengi.

Ukipewa vidonge vya madini chuma, swali la pili ni: damu imepotelea wapi? Kujaza ndoo inayovuja bila kuziba tundu ni kazi ya kila siku.

SEHEMU YA 5: MOYO, NA KOO TULILOLIDHARAU

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Kuna ugonjwa wa moyo unaoanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 anapata mafindofindo, koo linauma, homa. Bakteria fulani wanaoitwa streptokoka wanahusika kwenye baadhi ya koo hizo. Koo linapona lenyewe, tunasahau. Wiki mbili tatu baadaye, kwa watoto wachache, kinga ya mwili inakosea adui na kuanza kushambulia viungo na moyo. Goti linavimba na kuuma, linapona, kifundo cha mguu kinashika zamu. Wengine wanapata kutetemeka na kurusharusha mikono bila kutaka, hapo ndipo watu husema mapepo. Hiyo ni homa ya rumatiki.

Viungo vitapona. Moyo huenda usipone. Ndani ya moyo kuna milango midogo inayofungua na kufunga damu ipite upande mmoja, tunaiita valvu. Ugonjwa ukirudia, milango inapata makovu, inakakamaa. Mwingine haufunguki vizuri, mwingine haufungi. Damu inarudi nyuma na kujaa kwenye mapafu. Na mapafu yakijaa, mtu anakohoa usiku na kuhema akikimbia. Unaona sasa kwa nini anaitwa mwenye pumu?

Nikupe mfano wa aina ya watoto hawa. Binti wa darasa la sita, miaka miwili anajulikana kwa pumu. Sirapu, pampu, sindano za antibiotiki za hapa na pale, na gunia la mpunga limeuzwa mara mbili kwa ajili ya nauli na dawa. Pampu haisaidii. Hawezi kulala chali, anaegemea mito. Mama yake anakumbuka vizuri kwamba akiwa darasa la pili magoti yalivimba, wakasema ni kukua. Siku alipowekewa kipimo cha masikio kifuani akiwa kakaa kimya, na msikilizaji akachukua dakika mbili badala ya sekunde tano, moyo ulisikika unapiga na mvumo. Hiyo sauti ilikuwepo muda wote. Akaandikiwa rufaa kwenda kupimwa moyo kwa eko, ile ultrasaundi ya moyo, na mlango mmoja ukakutwa umekakamaa. Dakika mbili za kusikiliza dhidi ya miaka miwili ya sirapu. Haikuwa kukosa mashine. Ilikuwa kukosa shaka.

Dunia nzima inakadiriwa watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu, na unaua kama 360,000 kwa mwaka, karibu wote kwenye nchi kama zetu. Ulaya na Marekani umekaribia kusahaulika. Mwezi Mei 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuukabili. Sisi huku mama mwenye mtoto bado hajausikia jina.

Na habari njema ipo, tena imetoka kwa jirani zetu. Kaskazini mwa Uganda, upande wa Gulu, watafiti waliwapima shuleni watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 kwa eko na kuwapata wenye ugonjwa wa mwanzo usio na dalili yoyote. Waliingia utafitini 818. Nusu wakachomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Kwa waliochomwa, watatu tu kati ya 399 ndio ugonjwa uliendelea kukua. Kwa wasiochomwa, 33 kati ya 400. Matokeo yalitangazwa Novemba 2021. Sindano ile ile ya zamani tunayoijua zahanati, ya bei ndogo, inauma kweli, lakini inalinda moyo.

Kwa hiyo koo la mtoto wa shule lisidharauliwe. Koo lenye bakteria likitibiwa kwa penisilini ndani ya siku tisa tangu lianze, homa ya rumatiki inazuilika. Sisemi kila mafua yapewe antibiotiki, hapana. Mafua yenye kikohozi na kamasi mara nyingi ni virusi. Nasema koo linalouma na homa, bila kamasi, mpeleke akaangaliwe. Na mtoto aliyekwisha kuwa na tatizo la moyo, sindano yake ya kila mwezi isirukwe hata akionekana mzima. Huenda kwa miaka mingi.

Sasa akina mama wenyewe. Ugonjwa huu mara nyingi hufichuka mimba ikiwa kubwa, kwa sababu moyo unabeba kazi ya watu wawili. Na upo ugonjwa mwingine kabisa, moyo kutanuka na kulegea, unaoanza kuelekea mwisho wa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Dada anajifungua salama, wiki chache baadaye anahema akitoka kisimani, anaambiwa "umenenepa, ndio uzazi." Kama huwezi kulala chali, unaamka usiku kutafuta hewa, miguu imevimba, kifua kinakoroma: huo si uzazi. Nenda leo, siyo Jumatatu.

SEHEMU YA 6: MOSHI, VUMBI, NA KIFUA KIKUU

Kituo cha mapafu nacho kina adui zake, na wengine tunaishi nao ndani ya nyumba.

Jiko la mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha, mtoto mgongoni, mama anapuliza moto. Moshi huo haumalizikii kwenye macho. Unachokoza pumu, unaongeza nimonia kwa wadogo, na kwa mama aliyepika hivyo miaka thelathini unaharibu mapafu kama ya mvuta sigara. Bibi anayehema akipanda ngazi ya kanisa na hajawahi kushika sigara, muulize kapikia wapi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Lengo zuri. Lakini kabla gesi haijafika na kuwa ya bei tunayoiweza, toa jiko nje, toboa dirisha, kausha kuni, na mtoto akae mbali na moshi. Hayo yanawezekana wiki hii.

Akina baba, hii yenu. Huku Kapalamsenga tuna shaba, na kwingine Mpanda kuna uchimbaji mdogo wa dhahabu. Vumbi la mawe lenye silika likiingia mapafuni miaka kadhaa linaacha makovu yasiyofutika, na linafungua mlango kwa kifua kikuu. Kijana wa miaka 35 aliyekuwa anabeba magunia mawili, sasa moja linamshinda, wenzake wanasema kachoka na pombe. Apigwe picha ya kifua na aeleze kazi yake. Mhudumu asipouliza, sema mwenyewe: "Nimefanya kazi mgodini miaka kadhaa." Mawe yanyunyiziwe maji kabla ya kupasuliwa, na nguo za mgodini zisikung'utwe mbele ya watoto.

Kifua kikuu: kikohozi wiki mbili au zaidi, kukonda, jasho la usiku, homa za jioni. Kupima na kutibu kwenye vituo vya serikali ni bure. Mtoto naye anakipata, na mara nyingi hatoi makohozi wala damu. Anakonda tu na hachezi. Kama kuna mtu mzima ndani ya nyumba anatibiwa, watoto wote wa nyumba hiyo wapelekwe.

Na niseme ukweli wote. Kuna wanaopimwa kila kitu na kukutwa wako sawa. Wapo waliokaa muda mrefu bila kazi ya mwili, misuli imelegea. Wapo wenye hofu nzito, labda msiba au ugomvi wa nyumbani, pumzi inakimbia yenyewe na vidole vinakufa ganzi. Hao hawajifanyi. Hiyo nayo ni sababu ya kweli na ina tiba yake: mazoezi ya kupanda kidogo kidogo, na mtu wa kuongea naye. Ila jina hilo linakuja MWISHO, baada ya damu, mapafu na moyo kuangaliwa. Siyo mwanzo, kwa sababu tu mgonjwa ni mwanamke na analia.

SEHEMU YA 7: "NESI, HELA NA UMBALI JE?"

Najua mnachosema. Kutoka huku mpaka Mpanda ni nauli, na barabara mvua ikinyesha mnaijua. Eko haiko kila mahali. Kwenda Mbeya, Mwanza au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar es Salaam ni safari ya kuuza ng'ombe. Wengine watasema: kuwafundisha akina mama mambo haya ni kuwatia hofu, kila mtoto akihema atapelekwa hospitali ya rufaa.

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ndio, wengi hawatahitaji kusafiri. Na ndiyo maana sisemi uanzie Mpanda. Nasema uanzie hapa hapa, kwa mambo ambayo zahanati au kituo cha afya kinaweza: kuhesabu pumzi, kusikiliza mapafu na moyo kwa utulivu, kupima damu kidoleni, kupima malaria, kubana kidole na kile kipimo cha oksijeni mtoto akiwa amekaa na tena baada ya kutembea, kuuliza habari za kikohozi, koo, magoti na moshi. Hayo hayahitaji daktari bingwa. Yanahitaji mtu mmoja, nusu saa, na nia. Baada ya hapo rufaa wanayopewa wachache ina maana, na inakwenda na barua yenye namba. Kinachomaliza hela za familia ni ile miaka miwili ya kununua dawa isiyo yake.

Mambo ya kwenda nayo kituoni, yaandike kwenye daftari:

1. Lilianza lini, na mwaka jana alikuwa anaweza nini ambacho leo hawezi.
2. Linakuja wakati gani: akikimbia, akisimama, usiku, akilala chali.
3. Kifua kinapiga filimbi, au la.
4. Aliwahi kuvimba magoti, kuumwa koo mara kwa mara, kutetemeka.
5. Dawa zote alizotumia, na kila moja ilisaidia au haikusaidia. Beba hata maboksi matupu.
6. Nyumbani mnapikia nini, nani anakohoa, nani anafanya kazi ya vumbi.

Halafu uliza maswali matatu, kwa heshima, bila kugomba: "Daktari, unafikiri ni kituo gani, mirija, mapafu, damu au moyo? Kimepimwa nini kuonyesha hivyo? Nisipoona nafuu, nirudi lini na tutafanya nini?" Hakuna mhudumu wa kweli atakayechukia maswali hayo. Huduma za mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito, sera inasema ni bure kwenye vituo vya umma. Idai kwa upole.

Kwa walimu wetu: mtoto anayebaki nyuma kwenye mchakamchaka kila siku, msimuongezee raundi. Mwandikieni mzazi. Nyie mnawaona watoto mia kwa pamoja wakikimbia, hakuna daktari anayepata kipimo kizuri kama hicho.

Kwa wakubwa wa halmashauri na mkoa: kipimo cha damu, kipimo cha oksijeni, kifaa cha kupuliza, na penisilini ya muda mrefu visikosekane kituoni. Na wataalamu wa moyo wanapokuja mikoani kupima wananchi, ratiba itufikie huku mapema, isiishie kwenye matangazo ya mjini.

Mwisho, dalili za kutosubiri hata usiku mmoja: mtoto anahema kwa kasi akiwa ametulia, yaani pumzi 50 au zaidi kwa dakika kama ana miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kama ana mwaka 1 hadi 5. Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Midomo au ulimi una rangi ya bluu. Hawezi kunyonya wala kuongea sentensi. Anazimia akikimbia. Mama aliyejifungua hawezi kulala chali. Hapo tafuta bodaboda, mengine tutaongea baadaye.

Kesho asubuhi, mtoto akitoka kwenda shule, mtazame akipanda kile kilima cha kwanza. Usimwambie kitu. Mtazame tu, halafu fungua daftari uandike.